Ngoma Yetu Ukingoni mwa Mto Narmada

Mtu wa pwani akitajiwa Bara Hindi hakosi la kusema. Atataja duka na kitambaa, atataja bajia na chapati, atataja sinema na nyimbo zake. Na akiwa mpenzi wa lugha, atakukumbusha kuwa gari, gunia, godoro, laki na bima ni maneno yaliyotujia kutoka upande huo. Yote hayo ni kweli, wala hakuna wa kuyakana. Lakini tazama, ndugu msomaji, yalivyoelekea upande mmoja: yote ni habari za vitu na watu waliokuja kwetu. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza, na sisi je? Ni nini chetu kilichokwenda kule, na kimefikia wapi?

Swali hilo ndilo linalonifanya leo niwachukue wasomaji hadi wilaya ya Bharuch, katika jimbo la Gujarat, magharibi mwa Bara Hindi. Mimi mwenyewe nimefika huko kwa vitabu tu, na kwa kusikiliza ngoma zake zilizonaswa katika kanda na sahani. Hata hivyo nadhani niliyoyakuta yatosha kutufanya tukae kitako tufikiri.

Wilaya hii imelala kando ya mto Narmada. Mto huu huanzia Amarkantak, kwenye milima ya katikati ya Bara Hindi, ukasafiri kiasi cha kilomita 1,312 kuelekea magharibi hadi kumwaga maji yake katika Ghuba ya Khambhat. Mito mingi mikubwa ya kusini mwa nchi hiyo huelekea mashariki. Narmada na jirani yake Tapti yameshika njia ya kwetu, yaani njia ya kuitazama Afrika. Kwa Wahindu, Narmada ni mto mtakatifu, na wako mahujaji wao wanaouzunguka mto wote kwa miguu, wakapanda kwa ukingo mmoja na kuteremka kwa ukingo wa pili. Udongo wa wilaya ni mweusi, wenye kushika maji, na pamba hustawi humo tangu zama za kale. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2011 wilaya ilikuwa na watu wapatao 1,550,000, na Waislamu walikuwa zaidi kidogo ya mmoja katika kila watano.

Sisi tulio watu wa maji tutapenda kujua habari za bahari yao. Kwetu Mombasa, bamvua likiwa kubwa kabisa, tofauti ya maji kujaa na kupwa ni kama mita 4 hivi. Katika Ghuba ya Khambhat tofauti hiyo hupita mita 10. Maji huingia mlangoni mwa mto kwa kishindo, na chombo kilichotia nanga pasipofaa hupinduliwa kabla nahodha hajasema lolote.

Habari hiyo si ngeni. Yapata miaka 2,000 iliyopita, mfanyabiashara mmoja wa Kiyunani aliyekaa Misri aliandika kitabu cha kuwaongoza wasafiri wa bahari yetu, kitabu kijulikanacho kwa jina la Periplus. Ndani yake mji wa Bharuch unaitwa Barygaza, na mwandishi anaeleza kwa kirefu hatari za kuingia humo: mafungu ya mchanga, mkondo mkali, na sauti ya maji yanayokuja kama jeshi. Anasema kwamba mfalme wa nchi aliweka wavuvi wenyeji, wenye mashua na wapiga makasia, watoke mpaka baharini kuzipokea jahazi na kuzivuta hadi bandarini, wakingoja maji na kusimama mahali maalumu. Kwa lugha yetu, hao walikuwa marubani. Kazi aliyoirithi kijana wa Mombasa au Lamu kwa babake ilikuwa na watu wake mlangoni mwa Narmada tangu zama hizo.

Na kitabu hicho hicho ndicho kinachoitaja pwani yetu kwa jina la Azania, na bandari ya Rhapta iliyokuwa mwisho wake, iliyouza pembe za ndovu na magamba ya kasa. Kinasema pia kuwa kutoka Barygaza na nchi jirani yake zilipelekwa ng'ambo, katika masoko ya pembe ya Afrika, ngano, mchele, samli, mafuta ya ufuta, nguo za pamba na asali ya miwa. Basi kabla Mreno hajazaliwa, na kabla Uislamu haujadhihiri, kaskazi na kusi zilikwisha kuzifunga pwani mbili hizi kwa kamba moja.

Uislamu ulipodhihiri, jina la mji huu likaingia mapema katika vitabu vya Waislamu. Al-Baladhuri, mwanahistoria aliyefariki mwaka 892, asimulia kwamba katika ukhalifa wa Sayyidna Umar (r.a.), liwali wa Bahrain na Oman, Uthman bin Abil-As wa kabila la Thaqif, alipeleka kikosi kwa bahari hadi Barus, ndiyo Bharuch, na kwamba Sayyidna Umar hakupendezwa na kuhatarishwa kwa Waislamu majini. Baadaye Uislamu ulikaa kwa njia ya dola za Kiislamu na ya biashara pia. Msikiti wa Ijumaa wa Bharuch ulijengwa mwanzo wa karne ya 14, na nguzo zake nyingi zilitolewa katika mahekalu ya zamani. Katika karne ya 17 Waholanzi na Waingereza walifungua nyumba zao za biashara hapo, wakitafuta nguo za pamba. Kisha Surat ikaipiku Bharuch, na Bombay ikaipiku Surat. Mwaka 1881 Waingereza walimaliza daraja la chuma juu ya Narmada, ambalo wenyeji huliita Daraja la Dhahabu.

Mji usidhaniwe kuwa ni magofu tu. Wafumaji wake bado hutengeneza sujani, mfarishi wa pamba unaofumwa ukiwa na vifuko vilivyojazwa pamba humo humo katika kitanda cha mfumi. Njugu zake za chumvi zina jina Gujarat nzima. K. M. Munshi, mwandishi mkubwa wa riwaya za kihistoria kwa lugha ya Kigujarati, alizaliwa hapo mwaka 1887. Katika kisiwa kimoja cha mtoni umesimama Kabirvad, mti wa jamii ya mkuyu ulioangusha mizizi kutoka matawini hata ukawa kama msitu, nao watu huunasibisha na Kabir, mshairi wa karne ya 15 ambaye Waislamu na Wahindu wote husema ni wao. Na vijiji vya Bharuch vimetoa Wavohra wa Kisunni, wakulima na wafanyabiashara, ambao wametawanyika hadi Afrika Kusini na Uingereza.

Lakini nilichokifuata mimi hakipo mjini. Kiko Ratanpur, kijiji cha vilima katika sehemu ya Jhagadia ya wilaya hiyo hiyo. Hapo pana machimbo ya akiki.

Akiki twaijua. Sisi tuliosoma chuoni tuliiona kidoleni mwa mwalimu kabla hatujaijua alifu. Imepokewa kwa Anas bin Malik (r.a.) kwamba pete ya Mtume (s.a.w.) ilikuwa ya fedha na kito chake kilikuwa cha Kihabeshi, na katika wanavyuoni wako waliolieleza neno hilo kuwa ni jiwe la jamii ya akiki, kwa kuwa machimbo yake yalikuwa Uhabeshi na Yemen. Akiki ya Ratanpur huchimbwa katika mashimo, ikaanikwa juani, kisha ikatiwa vyunguni na kuokwa kwa moto wa samadi, na chuma kilichomo ndani ya jiwe kikaligeuza kuwa jekundu. Kutoka hapo hupelekwa Khambhat, juu ya ghuba, ikakatwa, ikatobolewa na kung'arishwa. Periplus imekwisha kutaja mawe ya aina hii kuwa katika bidhaa za Barygaza. Na huku kwetu, waakiolojia waliochimba magofu ya Shanga, katika kisiwa cha Pate, na ya Kilwa wamezitoa ardhini shanga za akiki nyekundu.

Juu ya kilima cha Ratanpur pana kaburi la walii aitwaye Bava Gor, na karibu naye dadake, Mai Mishra. Wanaosimulia husema kuwa Bava Gor alikuwa mtu mweusi, Mhabeshi au Mnubi, aliyekuja na kuikuza biashara ya akiki, na hata mawe yenyewe yamepewa jina lake. Waislamu, Wahindu na Waparsi wamekuwa wakipanda kilima hicho kutaka shifaa. Mas'ala ya kuzuru makaburi na mipaka yake nawaachia maulamaa, nao hawakosi la kutuambia. Ninalolitaka mimi ni kuwatambulisha wasomaji kwa wanaolitunza kaburi hilo. Wanaitwa Masidi, na asili yao ni Afrika.

Masidi ni Waislamu, wasema Kigujarati, wavaa na kula kama majirani zao. Lakini siku ya sherehe ya walii wao hucheza ngoma, na jina la ngoma hiyo ni goma. Msomaji wa Lamu hahitaji kuelezwa zaidi, kwani goma kwake ni ngoma ya wanaume wenye bakora wanaokwenda kwa madaha. Miongoni mwa ala zao mna ngoma ndefu waiitayo musindo, na sikio la Mswahili halitaacha kusikia humo msindo, au msondo wetu. Mna mugarman, ngoma yenye miguu inayosimama chini. Mna malunga, upinde wa uzi mmoja wenye kibuyu, mfano wa ala zinazopatikana pande nyingi za Afrika ya Kibantu. Na mwaka 2011 wataalamu wa damu na nasaba walichapisha utafiti juu ya Masidi wa Gujarat na wa Karnataka, ukaonyesha kuwa sehemu kubwa ya asili yao, zaidi ya nusu, inalingana na watu wa Afrika wasemao lugha za Kibantu.

Basi walifikaje? Hapa ndipo penye uzito, wala sitaki tupapite kwa haraka. Wako waliokwenda kwa hiari, mabaharia, askari na wafanyabiashara. Wako waliopanda daraja wakawa watu wakubwa: Malik Ambar, aliyezaliwa Uhabeshi na kuuzwa utotoni, aliongoza majeshi ya Dekkani hadi alipofariki mwaka 1626, na Sidi Saiyyed aliujenga Ahmedabad, mwaka 1573 hivi, msikiti ambao madirisha yake ya mawe yaliyochongwa kama matawi ya mti huvuta watu hadi leo. Twapenda kuwataja hao, na ni haki yao kutajwa. Lakini wengi walikwenda wakiwa watumwa. Walipelekwa na Wareno kutoka Msumbiji hadi bandari zao za Diu na Daman, huko huko Gujarat. Walipelekwa na jahazi za Waarabu kupitia Maskati na bandari za Arabuni. Na walipakiwa katika bandari zetu pia, kwa hesabu zilizoandikwa kwa hati zetu, na baadhi ya watu waliozipata faida walikuwa Waislamu kama sisi, wakisali safu moja na babu zetu. Soko la watumwa la Unguja halikufungwa ila mwaka 1873, baada ya Sayyid Barghash kubanwa na Waingereza.

Najua kuna wasomaji watakaosema, ya nini kufukua hayo? Watasema kwamba maadui wa dini huyatumia kututukana. Ni kweli hutumiwa hivyo. Lakini uongo hauponyi tusi. Kitabu chetu kimekuhesabu kumwacha huru mtumwa kuwa ndiko kuipanda ile njia ya mlima, na muadhini wa kwanza wa Uislamu alikuwa Mhabeshi aliyetolewa utumwani. Mwenye mizani hiyo mkononi mwake hana sababu ya kuogopa kupima matendo ya babu zake. Tukinyamaza sisi, watazungumza wengine, nao watazungumza wapendavyo.

Wahenga walinena kuwa mwacha mila ni mtumwa. Nikiwafikiri Masidi wa Ratanpur nauona msemo huu ukigeuka. Wao walifanywa watumwa, na mila hawakuiacha. Lugha iliwatoka kidogo kidogo, maana mtoto husema lugha ya wanaomlisha. Majina ya makabila yalipotea. Lakini ngoma iliwekwa mahali ambapo hapana bwana angeweza kuinyang'anya, yaani katika ibada na sherehe ya walii, na pamoja nayo likahifadhika neno lenyewe. Sisi ambao hatukutolewa kwetu, ni ngoma ngapi tumeziacha zife katika umri wetu huu? Ni vijana wangapi wa mitaa ya Mji wa Kale wanaoweza kukutajia majina ya ala za goma na kazi ya kila moja?

Wala isidhaniwe kuwa mambo ya kule yako salama. Orodha ya serikali ya makabila yanayostahili msaada maalumu katika jimbo la Gujarat imewataja Masidi wa wilaya za rasi ya Saurashtra. Wa Bharuch hawamo, ingawa damu ni moja na shida ni moja. Wanaokata akiki Khambhat huvuta vumbi la mawe miaka nenda miaka rudi, na wengi wamepatwa na silikosisi, maradhi ya mapafu yasiyo na dawa ya kuyaponya. Tukivaa pete zile, tukumbuke pia gharama hiyo.

Na mto wenyewe umebadilika. Juu ya wilaya, karibu na Kevadia, limejengwa bwawa la Sardar Sarovar. Jiwe la msingi liliwekwa na Jawaharlal Nehru mwaka 1961, na bwawa likafunguliwa rasmi mwaka 2017, baada ya mabishano ya miongo mingi juu ya watu waliohamishwa. Limepeleka maji kwa mashamba na miji iliyokuwa na kiu, na hiyo ni neema isiyokanika. Lakini maji yanayoteremka hadi Bharuch wakati wa kiangazi yamepungua, chumvi ya bahari imepanda mtoni, na samaki hilsa, ambaye hutoka baharini kwenda kuzaa katika maji matamu, ameadimika kwa wavuvi. Kisha mwezi wa Septemba 2023 maji mengi yalipofunguliwa bwawani, Bharuch na Ankleshwar zikafurikwa. Wajukuu wa wale marubani wa Barygaza leo wanabishana na serikali juu ya kizuizi kingine huko Bhadbhut, karibu na mlango wa mto. Sisi wenye Tana, mto uliojaa mabwawa huku juu na wavuvi na wakulima huku chini kwenye delta, tuna la kujifunza katika mabishano hayo kabla hayajatufika yote.

Sasa nasema nini? Nasema mambo matatu, na yote yako ndani ya uwezo wetu.

La kwanza, historia ya bahari hii ifundishwe kwa njia zake zote mbili. Mtoto wa Kenya husoma kuwa Wahindi walikuja. Asome pia kuwa Waafrika walikwenda, na kwamba wako waliorudi. Frere Town, hapo Kisauni, ilianzishwa katika miaka ya 1870 kwa watumwa walioachiliwa huru, na miongoni mwa watu wake wa mwanzo walikuwemo Waafrika waliolelewa Bara Hindi. Kengele yake tunaipita kila siku, na wangapi wetu tunajua habari hiyo?

La pili, mafundi wetu wa ngoma, wa Lamu, wa Mombasa na wa Vanga, wasikilizishwe goma ya Ratanpur. Kanda zipo, na wataalamu wa nchi za mbali wamekwisha kuzikusanya na kuziandikia. Lakini mtaalamu wa mbali hukipima kishindo kwa chombo chake. Mzee wa goma wa Lamu atakipima kwa mikono iliyopiga. Huenda akatambua mdundo uliokwisha kusahauliwa huku, akaurudisha. Huenda asitambue kitu, na hilo nalo ni elimu.

La tatu, nawaomba walimu wa vyuo na wenye mimbari. Somo la utumwa lisiachwe mikononi mwa wageni. Mwanafunzi anayehifadhi aya za kuwaacha huru watumwa aelezwe pia kuwa ziko jahazi zilizoondoka katika bandari zetu bila ya kuzijali aya hizo, na kwamba wazao wa watu waliopakiwa ndani yake leo ni Waislamu wenzetu wanaoelekea kibla kimoja nasi.

Kaskazi haimngoji tena mtu, na jahazi za Gujarat haziji kwa wingi kama zilivyokuja zama za babu zetu. Huko Dahej, katika wilaya ile ile ya Bharuch, sasa hutia nanga meli kubwa za gesi. Biashara imebadili sura kama ilivyobadili mara nyingi. Lakini kila mwaka, siku ya sherehe ikifika, kilimani Ratanpur musindo hupigwa na watu husimama kucheza goma. Ni jamaa zetu wale, na hatujawapelekea hata salamu. Wallahu aalam.